Mzee ameniambia nijenge pembeni ya nyumba yake. Nianze msingi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni baba wa watoto wawili, tumepanga Mbagala. Wazazi wangu wanaishi Kibada, Kigamboni, kwenye kiwanja kilichotokana na ule mradi wa viwanja 20,000, na hati ina jina la baba. Kiwanja kina mita 38 upande wa barabara na mita 30 kwenda nyuma. Barabara iko mashariki. Ukisimama barabarani ukaangalia ndani, nyumba ya mzee iko mkono wa kushoto, ilijengwa mwaka 2008. Mkono wa kulia ni uwanja mtupu, ila kuna shimo la choo, kisima kwenye kona ya nyuma kabisa, na mwembe wa mama. Mzee ameniambia nijenge hapo badala ya kuendelea kuwalipa watu kodi. Tuko watoto wanne, mimi ni wa tatu. Fundi ananishauri niuunganishe ukuta wangu na ukuta wa nyumba ya mzee, eti nitaokoa tofali za upande mmoja mzima. Nina milioni 22 za kuanzia. Nakutumia mchoro wenye vipimo. Je, nianze msingi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hapana, usianze bado, na huyo fundi mwambie aweke chepe chini kwanza. Wazo la mzee ni zuri na nafasi ipo. Nimeupitia mchoro wako na nyumba ya mita 8 kwa 9, yenye vyumba vitatu na sebule ya kiasi, inakaa bila kubanana. Ila yapo mambo ya kufanya kabla ya chepe, na baadhi yake ukishayaruka huwezi kuyarudia bila kubomoa au kugombana.

Tumalizane na hilo la kuunganisha ukuta, maana ndilo lenye haraka. Nyumba ya mzee ina miaka mingi juu ya ardhi ile. Uzito wake ulishaukandamiza udongo, ukatulia. Yako ikianza kupanda, udongo wa chini yake ndio kwanza unaanza kubeba mzigo, na lazima utashuka. Hautashuka sana, pengine milimita chache tu, lakini ukuta wa tofali za saruji haujui kunyumbulika. Upande mmoja umetulia, mwingine unashuka, na pale ziliposhikana panapasuka. Nilikuwa mgeni kazini nilipomkubalia mteja mmoja jambo hilihili, tena kwa sababu hiyohiyo ya kuokoa tofali. Masika ya kwanza yalipopita, ufa ulikuwa umesimama wima kwenye kona, toka msingini mpaka kwenye lenta, lile zege linalopita juu ya milango na madirisha, unaingiza sarafu. Tukaziba, ukarudi. Tukabandua lipu, tukaweka wavu, tukapiga upya. Ukarudi. Alichookoa kwenye tofali alikilipa mara kadhaa kwenye lipu na rangi, na kazi ya mwisho sikumdai hata senti, kwa aibu.

Kuna na hatari ya kuchimba. Ili uunganishe ukuta itabidi mtaro wako upite ubavuni kabisa mwa msingi wa mzee. Msingi hushikiliwa na udongo ulio chini yake na ule ulioubana pembeni. Ukichimba mpaka ukapita chini ya kitako chake, hata kwa futi moja, udongo wa chini unapata pa kukimbilia, na udongo wenye mchanga mwingi kama wa pwani hausubiri kuambiwa mara mbili. Mvua moja ikinyesha mtaro ukiwa wazi, unaweza kuamka ukakuta baraza la mzee limeinama. Halafu kuna sababu ya tatu, ambayo nitaifikia kwenye karatasi: nyumba zilizoshikana ni shida kuzitenganisha kwenye viwanja viwili, na wewe unahitaji viwanja viwili.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe. Umeniandikia kwamba ni mtupu. Mimi sijawahi kuona uwanja mtupu pembeni ya nyumba inayokaliwa na watu. Ule uwanja uko kazini tangu 2008. Unameza maji ya choo, unapokea maji yanayoporomoka kwenye bati, unapitisha upepo, gari la kunyonya majitaka linaegesha hapo, mama anaanika nguo hapo na siku ya shughuli turubai linafungwa hapo. Ukijenga, kazi hizo haziishi. Zitatafuta pa kwenda, na usipozipangia mahali zitakwenda zinakotaka zenyewe.

Kubwa kuliko zote ni shimo la choo. Kwa mchoro wako, nyumba ya mzee inaanza mita 2 kutoka mpaka wa kushoto na ina upana wa mita 14, hivyo ukuta wake wa kulia uko mita 16 kutoka mpaka huo. Shimo liko mita 5 mbele ya hapo, yaani kwenye mita ya 21. Mstari wa kukigawa kiwanja, nikiuchora ninavyoona unafaa, unaangukia mita ya 20: mzee anabaki na 20 kwa 30, mita za mraba 600, wewe unapata 18 kwa 30, mita za mraba 540. Umeshaona tatizo. Shimo la mzee linaangukia kwako. Leo ni la mzee wako, hakuna neno. Miaka 20 ijayo nyumba ile inaweza kuwa ya ndugu yako mmoja, au ya mnunuzi ambaye hamumjui, na choo chake kinaishia kwenye uwanja wanapochezea watoto wako.

Wengi hapo wangesogeza mstari ulikwepe shimo. Mimi nasema sogeza shimo, kwa sababu lina kosa jingine kubwa zaidi: liko kama mita 20 tu kutoka kisimani. Kipimo kinachotajwa sana kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30, na kwenye mchanga uchafu husafiri kwa wepesi kuliko kwenye mfinyanzi. Chimba shimo jipya la nyumba ya mzee upande wa mbele, karibu na barabara, kushoto kabisa. Kutoka hapo hadi kisimani ni kama mita 40. La kwako nalo liwe mbele, mita 3 ndani ya mstari wenu wa kugawana. Hilo linakuja kama mita 28, na siwezi kukuambia ni 30 wakati si 30. Maji ya kisima peleka yakapimwe maabara kabla hujahamisha chochote, upime tena baada ya mwaka. Mpaka hapo yawe ya kufulia, kuogea na kumwagilia. Ya kunywa yachemshwe au yatoke bombani. Faida nyingine ya mashimo kuwa mbele ni kwamba gari la kunyonya litasimama barabarani na kupitisha mpira wake getini, halitahitaji kuingia uani kukanyaga bustani ya mtu.

Shimo la zamani likishaachwa, linyonywe, lijazwe kifusi kidogokidogo huku kikishindiliwa, na usijenge kitu juu yake, hata banda la kuku. Na kabla halijaachwa, lizungushie vigingi na kamba siku ileile mtakapokubaliana kujenga. Nakuomba sana hili usilipuuze. Dereva wa lori la mchanga hajui shimo liko wapi, anaona uwanja tambarare, anarudi kinyumenyume na tani zake mgongoni. Mfuniko wa zege wa miaka mingi haukutengenezwa kwa tairi za lori.

Maji ya mvua ndiyo yanayofuata, na hapa ndipo nimeona ndugu wakinuniana kuliko kwenye mipaka. Kila anayejenga leo hutaka kuinua msingi juu kuliko jirani. Anamwaga kifusi, anapandisha jamvi, yaani sakafu ya zege, nyumba inapendeza. Ile ya zamani inabaki kama sahani katikati. Nyumba ya mzee haijashuka hata inchi moja, ila masika yakija maji yanaingia sebuleni kwake kwa sababu mtoto wake kainua ardhi. Kabla ya kuseti msingi, chukua mpira wa maji, ule wa kuangalia levo, uhamishe usawa wa sakafu ya mzee mpaka kwenye kigingi upande wako. Uhamishe na usawa wa barabara. Sakafu yako inaweza kupanda, sina ugomvi nayo. Ardhi inayoizunguka ndiyo isipande. Uwanja wa kati uchongwe uwe kama mfereji mpana usio na kina, maji ya nyumba zote mbili yateremkie humo na kutoka mbele. Na paa lako liwe na gata toka siku ya kwanza. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000 za maji; ukizielekeza kwenye tangi ni faida, ukiziacha zidondoke upande wa mzee ni kesi.

Upepo watu huusahau mpaka Januari. Kibada, kama pwani yote, ina pepo mbili: kusi inayotoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi inayotoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Barabara yenu ikiwa mashariki, basi mkono wako wa kulia ni kaskazini. Maana yake nyumba yako itakaa mbele ya kaskazi ya mzee, katika miezi ile ile ambayo joto la Dar halilaliki. Dawa yake si ngumu: usipange nyumba yako mstari mmoja na yake. Ya mzee, kwa mchoro, inaanza mita 5 kutoka barabarani. Yako ianzie mita 12. Ikirudi nyuma hivyo, upepo wa kaskazini-mashariki unapita mbele yako na kufika barazani kwa mzee. Wewe utapoteza sehemu ya kusi, lakini kusi huja wakati hali ya hewa imeshapoa, utavumilia. Sogeza nyumba upande wa kulia, ubakize mita 2 kwenye mpaka wa jirani. Kushoto utabaki na mita 8 mpaka kwenye mstari wa kugawana: njia ya gari, hewa, na pa kufungia turubai pale pale mlipozoea. Madirisha ya vyumba vya kulala usiyaweke magharibi, jua la alasiri litazipika kuta na ukilala zinakurudishia joto. Huko weka jiko na stoo. Choo kiwe upande wa mbele ili bomba lisiwe refu. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita 10 kwa kila mita 4, na kila linapopinda liwe na chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia. Mafundi wengi hukunja bomba chini ya ardhi bila chemba, kisha likiziba wanavunja baraza kulitafuta.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa kidogo, na najua ndipo utakapotaka kuruka.

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, neno ardhi linabeba pamoja na majengo yaliyosimikwa juu yake. Ukijenga kwenye kiwanja chenye hati ya baba, umejenga kwenye mali ya baba. Risiti za saruji ni zako, jasho ni lako, lakini hati haisomi jasho. Siku mzee akiondoka, Mungu ampe umri, kiwanja kizima na nyumba zote mbili vinaingia kwenye mirathi pamoja, na utakuwa unawaeleza mama na wenzako watatu kwamba ile ya kulia ni ya kwako. Wao wanaweza kukubali. Wake na waume zao je? Watoto wao je? Unaweza kushinda mbele ya baraza la ardhi na nyumba la wilaya kwa mashahidi, lakini nyumba unayoitolea ushahidi kila mwezi haina raha. Na kuna jingine ambalo vijana wanaona aibu kuuliza: je, hati iko ndani au iko benki? Kama mzee aliiweka dhamana ya mkopo, nyumba yako mpya inakuwa sehemu ya dhamana hiyo bila wewe kusaini popote. Muulize kwa adabu, lakini muulize.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kugawa kiwanja mzee akiwa hai na mwenye nguvu za kusaini. Nenda na mzee, usiende peke yako, kwa ofisa mipango miji wa Manispaa ya Kigamboni, mkiwa na nakala ya hati na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kama kuna malimbikizo ya kodi hiyo, yalipeni kwanza. Kila meza mtakayofika wataulizia. Ofisa huyo atawaambia kama vipimo vya 600 na 540 vinakubalika kwa eneo lile na ni umbali gani unatakiwa kutoka kwenye mipaka. Mita 2 nilizozitaja ni kipimo changu cha kazi, cha kwake ndicho cha sheria. Wakikubali, mchoro mpya unapitishwa, mpimaji aliyesajiliwa anakuja kusimika mawe ya mipaka, hati ya zamani inarudishwa na zinatoka mbili. Sehemu yako ndipo mzee anakuhamishia, kwa maandishi. Neno la mdomo barazani, hata likisemwa mbele ya ukoo mzima, halihamishi ardhi yenye hati.

Mama lazima awemo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kutoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na hata kama kipande chako hakina nyumba, hakuna ofisa makini atakayepitisha uhamisho bila kuiona saini ya mke. Zaidi ya sheria, huo ni uani wake. Ukimpelekea karatasi asaini kitu alichokuwa hajaambiwa, umeanza vibaya.

Na wale ndugu zako watatu. Usiwaambie wewe. Mzee mwenyewe awaite, awaambie anachokupa na wao amewawekea nini. Kama ninyi ni Waislamu, hili lina uzito wa pekee: hiba, yaani zawadi anayotoa mtu akiwa hai, hutimia kwa kukabidhi, mzee akitoa leo na wewe ukashika leo, na mzazi amesisitizwa kuwafanyia watoto uadilifu katika anachowagawia. Akisema tu kwamba nikifa pale pawe pa fulani, huo ni wasia, na wasia kwa mrithi hausimami bila warithi wengine kuridhia. Familia nyingi zimechanganya haya mawili kisha zikashangaa kwa kadhi. Muoneni shekhe mnayemuamini kabla ya mwanasheria, au wote wawili. Kama mnafuata utaratibu mwingine, kikao kinabaki kilekile na maandishi yanabaki yaleyale.

Itakuwaje mzee akisema hati hagawi, ila wewe jenga tu? Wazee wengi husema hivyo, na si ubaya. Hati moja ndiyo uzee wake. Basi jenga kwa kiasi ambacho uko tayari kukigeuza kuwa mchango wako kwa wazazi. Vyumba viwili na choo uani, safi, vya kukuondoa kwenye kodi ya Mbagala, na akiba nyingine itafutie kiwanja pengine. Nyumba ya maisha yako usiijenge hapo.

Karatasi zikikaa sawa, unaomba kibali cha ujenzi manispaa, na ramani za nyumba zichorwe na mtu anayetambulika. Najua mtaani watu wanajenga Jumamosi na Jumapili ili wasionekane. Nimeona pia alama nyekundu za X kwenye kuta ambazo plasta yake haijakauka.

Ukifika kwenye msingi, chimba kwanza shimo dogo la kupima, pana futi 3, pale ukuta wako mrefu utakapopita. Shuka mpaka uone udongo ulioshikana usiovunjika kwa kidole. Ukikuta mchanga laini tu kina chote, au maji yanachuruzika, simama umwite mhandisi aangalie kabla hujaagiza nondo. Kwa umbali niliokupa, mita 12 kati ya ukuta wako na wa mzee, mtaro wako hautamgusa kabisa, na hiyo ndiyo faida ya kutoshikana. Kifusi cha ndani kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 huku kikimwagiwa maji, si kujaza kwa siku moja na kupiga jamvi kesho yake. Jamvi lililomwagwa juu ya kifusi kilegevu hutoa mlio kama ngoma ukilikanyaga, na tiles zako zitabanduka.

Tofali nunua baada ya kuzijaribu. Kwaruza moja kwa msumari. Ikichimbika kama biskuti iache. Inue moja usawa wa kiuno uiachie kwenye udongo. Ikigawanyika vipande vingi mwachie mwenye nazo. Afadhali zaidi ufyatulie hapohapo, kwani nafasi unayo na kisima unacho, uzimwagilie maji kwa siku 7 au zaidi kabla ya kuzijengea. Nyumba ya 8 kwa 9 yenye kuta za ndani za kawaida itakula kama tofali 1,400 za inchi 6 kwa kuta na 800 hivi za msingi zikilazwa. Kwa tofali 32 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, hiyo ni mifuko karibu 70 ya kufyatulia tu. Jamvi la sentimita 10 ni zege la mita za ujazo 7 na kidogo. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, weka mifuko 46. Bado hujajengea, hujamwaga mkanda wa zege unaofunga kuta, hujapiga lipu. Nakupa hesabu hizi ili fundi akikuletea zake uwe na pa kulinganishia, maana hesabu za fundi wakati mwingine huwa na tofali za nyumba yake pia.

Milioni 22 zitakufikisha wapi? Kwa bei nilizozoea, ukitoa gharama za kugawa kiwanja, kibali na mashimo mawili mapya, zitakuachia boma lililosimama mpaka kwenye mkanda. Kupaua hapana. Mtu akikuambia zitaezeka na kuweka madirisha, muombe akuandikie. Na tafadhali shimo la mzee usiliahirishe kwa kuwa hela ni ndogo. Lifanye la kwanza kabisa, kabla ya msingi wako. Ukipata kibali kabla ya katikati ya mwaka, anza kuchimba Juni masika yakishapita. Unakuwa na miezi mikavu ya kutosha kufika kwenye mkanda kabla ya vuli kuanza Oktoba. Nondo zinazochomoza juu ya boma zifunike kwa nailoni au zipake saruji iliyokorogwa na maji, zisije zikala kutu wakati unatafuta hela ya bati.

Umeme usivute kutoka kwa mzee. Najua ni rahisi, waya mmoja juu ya uwanja na mambo yanakwisha. Lakini waya wa kuazima hubebeshwa pasi, friji na pampu mpaka unayeyuka, na kila mwezi mnahesabiana yuniti na mzazi wako kama wapangaji. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afanye waya za ndani, kisha omba LUKU yako mwenyewe. Kumbuka tu kwamba kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, kwa hiyo ukiona yuniti zimepungua kidogo usianze kumshuku jirani.

Mwembe usiukate. Kwa mchoro uko kwenye mita ya 24, nyuma, hivyo ukuta wako wa kushoto utakuwa mita 4 kutoka kwenye shina. Umbali huo unatosha. Punguza matawi yatakayofika juu ya bati, maana embe bichi likidondoka usiku juu ya bati linaamsha nyumba nzima, na bomba la choo lisipite karibu na mizizi yake. Ila mwembe utakuwa upande wako wa mstari. Kwa hiyo siku mtakapoandikiana, ombeni mwanasheria aongeze sentensi moja kwamba embe ni za mama. Atacheka, lakini aandike.